Sufuria ya Tomi

Juzi niliingia jikoni hapa kwangu Waithaka nikapokewa na harufu ya nyama inayochemka bila kitunguu, bila chumvi. Mjukuu wangu alikuwa anakatakata maini na karoti. Nikashika kijiko cha chumvi nimsaidie. "Wee Susu, wacha! Hiyo ni ya Koko!" Koko ni kimbwa chake, kama soksi yenye manyoya. Nilicheka, nikarudisha kijiko. Harufu hiyo naijua. Niliichukia kabla mamake huyo msichana hajazaliwa.

Tulikuwa tunaishi Riruta, chumba kimoja, mama na sisi watoto watatu. Mama alifanya kazi kwa familia ya Wahindi kule Upper Hill, siku ambazo kulikuwa na nyumba za vigae na bustani, si haya maghorofa ya vioo. Watu wale nyama hawakula, hata yai halikuvuka mlango wao. Lakini walikuwa na mbwa mkubwa kama ndama, jina lake Tomi, na Tomi dengu alikataa kabisa. Sasa nyama yake ipikwe wapi? Si jikoni kwa Mama Bharti, mwenye nyumba ile. Ikapikwa kwetu.

Hebu fikiria. Nyumba ambayo nyama iliingia Krismasi peke yake, kila jioni sufuria inatokota maini na nyama ya kichwa, na sisi tumeketi na sukuma wiki yetu tunameza mate. Mama alitoa mifupa yenye ncha kwa vidole, mmoja mmoja. Akakoroga na unga. Akatia kidole katikati kupima joto, kama uji wa mtoto mchanga, ndipo akafunika, asubuhi ampelekee. Nikimwomba hata kipande, alijibu bila kugeuka: "Hiyo ni ya Tomi. Wewe ni Tomi?" Basi, imeisha. Mama alikuwa akifika nyumbani maneno yamemwishia. Alitupa chakula, alitupa blanketi, kofi pia alikupa ukilitafuta. Maneno, hapana.

Likizo moja nikamlilia anipeleke kazini. Nilitaka kumwona huyu aliyenishinda.

Langoni Tomi alimrukia mama mpaka leso ikamwanguka kichwani. "Polepole, baba," mama akamwambia, "polepole." Baba! Mimi aliniita Mwende, tena kwa kufoka, na kwetu Wakamba Mwende maana yake ni anayependwa. Ona sasa.

Mama Bharti akachungulia dirishani. "Ayah, kwisha fua?" Hakuwa mtu mbaya. Alinipa ladu mbili, tamu mpaka meno yakauma. Lakini siku nzima sikumsikia akimwita mama kwa jina, na nadhani hakulijua.

Mchana nikawekwa nyuma ya tangi la maji nifue soksi. Mama akaketi kwenye ngazi ya nyuma, akammiminia Tomi chakula chake, naye akafungua githeri yake baridi. Halafu nikasikia kicheko. Nilidhani kuna mgeni. Nikachungulia: ni mama! Anacheka mpaka mabega yanatikisika, anamwigizia mbwa vile yule mwenye bucha anavyotembea na kitambi chake. Anaongea Kikamba, harakaharaka, na Tomi anakula huku sikio moja limesimama. Kicheko hicho nyumbani kwetu hakikuwahi kuja. Maini ningemsamehe. Kicheko, la.

Kisha sauti ikashuka. "Baba yao harudi, Tomi. Ana nyumba ingine Mombasa. Hawa watoto nitawaambia nini?"

Sisi tulikuwa tumeambiwa baba anakuja Krismasi. Utadhani nililia kwa ajili ya baba. Wapi! Kilichonichoma ni kwamba mbwa ameambiwa, mimi nimefichwa. Nilizikamua zile soksi kama nanyonga mtu.

Tukirudi nilimuuliza, "Mama, baba atakuja kweli?"

"Atakuja Krismasi. Tembea."

Tomi alipokufa, mama alikaa jioni ile akitazama jiko lisilowashwa. Mimi niliwaza tu: mimi nikifa, atakaa hivi?

Wivu huo niliubeba mpaka nikawa mke wa mtu. Halafu mwanaume wangu naye akashika njia ileile ya baba. Siku nilipopata habari nilifika nyumbani nikakuta wanangu wanacheza mchezo wa kati, wanarushiana mpira wa karatasi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkubwa akasimama. "Mama, kuna nini?" Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga. "Hakuna kitu. Chezeni."

Nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye kamba ya nguo, nikashika shuka mbichi, nikaiambia yote kwa Kikamba, tangu mwanzo. Shuka haina sikio la kusimamisha. Haimrukii mtu langoni. Hapo nilimwona mama kwenye ngazi ile kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa ameshazikwa. Laiti ningekuwa na Tomi, ningempikia maini kila jioni ya Mungu, na mifupa ningemtolea.

Nilisimama pale nikiwasikia wanangu wanagombania mpira. Nikakumbuka ndugu zangu wawili mwaka ule, wakiimba uwanjani wimbo wa kumpokea baba. Waliuimba mpaka Krismasi, na mama hakuwanyamazisha.