Kibao Kipana au Kirefu

Enzi zetu pale Miyuji, Dodoma, wakati wa ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, sisi watoto tulikuwa na mchezo wetu wa vibao. Nasema wetu kwa sababu sijui ulitoka wapi na hakuna mkubwa aliyetufundisha. Uwanja ulikuwa sakafu ya nyumba ya serikali iliyoanzwa ikaachwa. Mji ulikuwa umeambiwa ni makao makuu, ukawa unasubiri, na sisi tukaitumia ile subira. Kamba tuliifunga kwenye nondo mbili zilizochomoza kwenye zege. Mpira ulikuwa wa tenisi, wa kuokotwa mnadani kwenye marundo ya mitumba, umenyonyoka manyoya kama kuku aliyekwisha chovywa maji ya moto. Unapiga, mwenzako anarudisha, ukidunda mara mbili upande wako umepoteza.

Tulicheza tukitoka shule, tumbo lina ugali wa uwele na mlenda, mdomo una ubuyu. Wenzangu walitazama mpira, mimi nilitazama vibao. Kila mtoto alichonga chake kwa alichokipata, ubavu wa kitanda au mlango wa kabati bovu, na hapakuwa na viwili vilivyofanana. Nilitaka kujua kwa nini huyu mwenye kibao kifupi anafika kila mahali, na yule mwenye kibao kama kasia anapiga kwa nguvu lakini mpira unaishia kwenye michongoma. Nilimuuliza hata baba, karani wa watu, aliyechoka na maswali ya ofisini. "Neema," alisema, "ukiendelea hivi utaolewa na redio, ndiyo pekee isiyochoka kusema."

Mwaka mmoja, likizo ya mwezi wa sita ikikaribia, watoto wa kota wakautamani uwanja wetu. Baba zao walikuwa wakubwa maofisini, nao walikuwa na vibao vya dukani vyenye raba nyekundu. Hatukutaka ngumi. Tukakubaliana kila upande utoe mchezaji mmoja, na watakaoshinda wawe na ile sakafu likizo nzima. Kwetu wachezaji wa maana walikuwa wawili, kaka yangu Yohana na mimi. Vibao vyetu vilikuwa vimeshapasuka. Bahati nzuri jirani yetu, Mama Sekela, alikuwa ameletewa jokofu kutoka Dar es Salaam ndani ya kreti, akampa baba kipande cha plaiwudi nzuri. Baba akatukabidhi na kusema, "Ubao mmoja, kibao kimoja. Mgombane taratibu."

Basi umbo la kibao ndilo lingeamua nani acheze. Mama alipokwenda sokoni tukaingia jikoni kufanya majaribio. Mwiko ukawa kibao kirefu, mfuniko wa sufuria ukawa kipana. Yohana alikuwa na mikono mirefu, alipenda kusimama nyuma na kupiga kwa kishindo. Mwiko ulimfaa, ulifika mbali na kuutuma mpira kama umetumwa dawa, ila ukigusa ukingoni tu mpira ulikwenda kwa majirani. Mimi nilikuwa mfupi, nasimama karibu na kamba. Mfuniko haukuwa na nguvu, lakini ulirudisha kila kitu, hata nilichokipiga vibaya. Tukabadilishana. Mimi na mwiko nilipiga hewa. Yeye na mfuniko alionekana kama mtu anayefukuza nzi. Tulicheka mpaka tukakaa chini, lakini tulikuwa tumeelewa: kabla hujachagua umbo, jiulize unasimama wapi. Mama aliporudi akauona mfuniko umebonyea, akatutazama mmoja mmoja. "Haya," alisema, "mfuniko haufuniki tena, leo mtakula moshi wenu wenyewe."

Kesho yake Yohana alishika msumeno. Alikuwa mkubwa, na nilijua jinsi alivyokitaka kile kibao, kwa hiyo nilikwisha kata tamaa. Akachukua kipande cha mkaa, akaweka mfuniko juu ya plaiwudi, akauzungushia mstari. Nilitaka kumuuliza kwa nini, nikaogopa atabadili mawazo. Akakata, akasugua kwa msasa, akazungushia mpini tyubu ya baiskeli, akanipa. Furaha yangu siku ile sijui niieleze vipi.

Siku ya mchezo tulikutana saa kumi alasiri, na hapo ndipo nilipogundua ujinga wetu. Mazoezi yote ya kibao kipya tulikuwa tumefanya asubuhi kabla ya shule, hewa imetulia. Mtoto gani wa Dodoma anasahau upepo? Sisi. Ulikuja na vumbi lake lote, na kila nikiinua kile kibao kipana ulikishika na kunipinda kiganja. Deo wa kota, mwenye kibao chake kidogo, hakuwa na habari nao. Akanipita pointi nyingi. Tulipopumzika nilimfuata Yohana pembeni, alikuwa amekuja na msumeno kwa lolote litakalotokea.

"Kata pembeni," nilimwambia. "Kifanye chembamba."

Alikigeuza, akakitazama, akanirudishia. "Nikikata kitakuwa changu. Nenda kacheze. Shusha mkono, kaa karibu na kamba."

Nilishusha mkono. Nikaanza kumkaribia Deo kwa pointi, karibu kabisa, lakini nilishindwa. Nililia mbele ya watu wote, na uwanja ukaenda. Wiki haikuisha, watoto wa kota wakachoka kushindana wenyewe kwa wenyewe. Deo alikuja kwetu, akamwamkia mama shikamoo kwa adabu zote, kisha akauliza kama yupo yule dada wa kibao kipana.

Siku hizi kule Nzuguni kuna uwanja wa mchezo mpya unaoitwa pikoboli, ndugu kabisa na ule wetu. Binti yangu aliniambia anaagiza kibao, na simu imemweleza kuna virefu, vipana na vya kati. "Mama, mimi ni wa kushambulia," akasema. Nikamuuliza ameshacheza mara ngapi. Bado. Hawa watoto wanajua wao ni wachezaji wa namna gani kabla hawajaugusa mpira, nasi tulilazimika kuharibu mfuniko wa watu.

Kibao kilikuja, kizuri, chepesi, na mfuko wake wa zipu. Nilikwenda kumtazama. Kila kijana pale alikuwa na chake, kinachomfaa mwenyewe, na siwaonei kijicho; plaiwudi ilitujaza vibanzi mikononi. Ila nilikaa kwenye benchi nikitazama nje ya mistari, nikitafuta mtu asiye na kibao anayempigia kelele dada yake ashushe mkono. Sikumwona. Mimi nilichongewa kibao na mtu aliyekitaka mwenyewe, na tangu siku ile sijapewa kitu kingine cha namna hiyo.