Laini Imesajiliwa kwa Kidole cha Mama

Mkeka wangu wa kubeti umetiki leo, jamani, nimeshinda, ila hela imegoma kutoka!

Nikawaandikia huduma kwa wateja wa hiyo tovuti ya kubeti. Wakajibu chap: "Habari Rehema."

Rehema ni mama yangu. Laini hii ya simu ninayobetia aliisajili yeye kwa kidole chake, enzi hizo mimi sina kitambulisho.

Tangu tumzike kule Igowole, hapa Mbeya sijasikia mtu akimtaja jina.

Nikawaambia laini ni ya mama.

"Sawa kaka. Mwambie mama apige picha akiwa ameshika kitambulisho, atutumie."

Baada ya dakika chache wakaandika tena:

"Kaka, mama yupo karibu?"

Nyie mngejibu nini?

Mimi nimeandika: "Subiri kidogo, yuko jikoni."