Sumaku Iliyodondoka

Fundi Mshono alikuwa na domo, tusifichane. Miaka kumi na tisa ya kuchomelea vyuma katika kiwanda cha maziwa ilimfanya aone hakuna kama yeye. Jina hilo walimpa wenzake kwa kuwa mishono yake ilinyooka utadhani imepigwa cherehani, naye kichwa kikamvimba.

Siku moja aliunga bomba la mvuke: upande mmoja chuma cheusi cha kawaida, upande mwingine chuma kisichoshika kutu. Kazi hiyo ina vijiti vyake vya kuchomelea, namba mia tatu na tisa. Vilibaki viwili tu. Rafuni palikuwa na kopo zima la mia tatu na kumi, vya bei mbaya zaidi. "Namba kubwa, kazi kubwa," alimwambia msimamizi, akachomelea huku anapiga mluzi. Wakajaza maji baridi kupima, hata tone halikutoka.

Kesho yake asubuhi, saa nne kasorobo, akapanda ngazi na kisumaku chake cha kwenye uzi, kama alivyozoea. Mshono wa namna ile hutakiwa kuwa na feraiti kidogo ndani, chembe zinazovutwa na sumaku. Hizo ndizo zinazouzuia usipasuke unapopoa. Sumaku hushika kwa unyonge, lakini hushika. Akaigusisha. Ikadondoka. Akaifuta kwa shati, akajaribu tena. Wapi! Kwenye chuma cheusi ilinata pa! Katikati ya mshono, ikadondoka.

Vile vijiti vya bei havikuacha feraiti hata chembe! Ndani ya mshono ule mzuri huenda nyufa zilishaingia, nyembamba kuliko unywele. Na mvuke ulikuwa ufunguliwe saa nne kamili. Chini ya bomba palikuwa na chumba cha kuoshea makopo, wanawake kumi na wawili, mmoja wao mkewe.

Sasa hapa ndipo anaponiudhi. Mtu mwenye akili zake angekimbilia kwa msimamizi. Yeye alikimbilia mlango wa chumba kile, akamwita mkewe pembeni.

"Mama watoto, vua aproni twende nyumbani. Mtoto anaumwa."

"Mtoto yupi? Wote wako shule." Mke hakugusa aproni. "We baba, niambie ukweli. Kuna nini?"

Akamwambia. Maneno yalimtoka vipande vipande, macho yako kwenye saa ya ukutani. Zilibaki dakika sita.

Mke aligeuka akapaza sauti: "Jamani, tokeni! Acheni makopo, tokeni wote!" Kisha akamsukuma mumewe kifuani. "Na wewe unasubiri nini?"

Alikimbia mpaka pumzi ikamkauka. Alimkuta msimamizi kwenye boila, mkono uko kwenye gurudumu la valvu.

"Usifungue! Nimekosea."

"Nani kakosea? Wewe?"

"Mimi. Mshono wangu haufai."

Msimamizi hakuamini. Walipanda pamoja, wakaupaka mshono rangi nyekundu, wakaifuta, wakanyunyiza unga mweupe juu yake. Wakangoja. Taratibu wekundu uliojificha kwenye ufa ukachomoza kwenye weupe, mstari mmoja mrefu kama kidole. Msimamizi akaagiza grainda iletwe, mashine ya kusagia chuma, mshono uondolewe. Hakuna aliyetania.

Jioni, jikoni kwao, fundi alikaa kwenye kigoda akimtazama mkewe anavyomenya vitunguu.

"Afadhali tuliwahi," fundi akasema.

"Tulikuwa kumi na wawili mle ndani."

"Najua, mke wangu."

"Ukaja kumwita mmoja."

Mke aliweka kisu chini.

"Yule ninayesimama naye kuosha makopo ana mtoto wa miezi minne. Leo amenishukuru, anasema mume wangu ametuokoa. Kesho nikisimama naye, nimwambie nini?"