Mstari wa Kumwita Mwana

Alhamisi, katika posta ya Kakamega, mzee wa Navakholo alikuwa akimtumia telegramu mwanawe aliyeko Mombasa. Alimfukuza miaka sita iliyopita, akaapa kutolitaja jina lake tena.

"Andika mstari wa Biblia: Bwana humrudi ampendaye. Ajue namngoja arudi," akamwambia karani.

Mama Mwislamu wa Mumias, nyuma yake, akaguna. "Mzee wangu, kumrudi mtu ni kumwadhibu. Ndiyo maana yake ya zamani, na huko pwani wanaijua. Atadhani bado umeshika fimbo."

"Na mimi naombanga nao kila siku!"

Nadhani Mungu, msomaji mvumilivu, alimwelewa.

"Basi andika: njoo nyumbani."

"Kwa nani?" karani akauliza.

Mzee akavua kofia.

"Makokha," akasema.