Ukichota ya Moto, Rudishia ya Baridi

Nyumbani kwetu Rahaleo, huku kusini, maji ya moto hayakuwa yanachemshwa, yalikuwepo tu. Pipa lilikaa juu ya mafiga uani, jeusi kwa masizi, na chini yake gogo la mkorosho lilifuka mchana kutwa. Sharti la mama lilikuwa moja: ukichota ya moto, rudishia ya baridi. Hata shehe akipita kutaka maji ya kutawadha, aliambiwa hivyo hivyo.

Mimi, binti yake, nilikuwa karani, na ukarani ulikuwa umenipanda kichwani. Pipa lile niliona ni ushamba na hasara. Kwa nini moto uwake siku nzima kwa ajili ya watu wawili? Mwenzangu mmoja ofisini alikuwa na jiko la mafuta ya taa, lile la kupampu. Unawasha unapotaka kuoga, sufuria inachemka, unazima. Nililitamani kama wengine walivyotamani baiskeli.

Sababu nilikuwa nazo, tena nzuri. Moshi ulikuwa unamtoa mama machozi, na magoti yake yalikuwa yamekataa. Hakuweza tena kufika hata nyumba ya tatu. Kuni nazo ziliadimika. Mjomba aliyekuwa akituletea kutoka Ziwani alihamishiwa kijiji kipya pamoja na wenzake, mikorosho yake ikabaki mbali naye. Nilimwekea mama hoja hizi jioni baada ya jioni. Hakubishana, alisema tu kwamba pipa halijamsumbua. Nilipozidi kumkera akasema, "Haya, mwanangu. Nyumba ni yako sasa."

Maneno hayo yalipaswa kunichoma. Mimi niliyasikia kama ruhusa.

Jiko likaja. Lilivuma vizuri, na maji yakachemka kabla sijamaliza kupiga mswaki. Pipa nililipindua nyuma ya choo, na kiti cha mama nikakiweka palepale uani, pasipo moshi. Macho yake yakapona. Nilijisifu ofisini.

Kitu kimoja sikukiangalia. Kila asubuhi, tangu nipate akili, wanawake wa mtaa walikuwa wakiingia kwa mlango wa uani na ndoo zao. Huyu ana mzazi wa kukandwa, yule ana mtoto mwenye homa. Wa kwanza siku zote alikuwa jirani yetu aliyevuka Ruvuma akikimbia vita ya Msumbiji. Alifika na mimba kubwa, na alipojifungua mama ndiye aliyemkanda kwa maji ya pipa lile. Walikaa kwenye mafiga wakizungumza Kimakonde cha kwao mtoni, ambacho mimi nilikipata nusu nusu, wakicheka mpaka nachelewa kazini. Mama hakuwa na pa kwenda. Watu ndio waliomjia.

Miezi miwili baadaye nilimkuta jirani yule bombani. Nikamwambia, kwa kumlaumu kidogo, kwamba mama anamuulizia, na maji ya moto bado yapo, ni kusema tu tukawasha. Akaweka ndoo chini.

"Dada, maji ya kuni nilikuwa narudishia ya baridi, tunamalizana. Haya ya mafuta nitarudishia nini? Nije kila siku kukuomba mafuta, na yenyewe hayapatikani? Naona haya."

Nikamuuliza kwa nini basi asije kumsalimia tu.

"Nilikuja mara mbili, mikono mitupu. Mama akataka kuinuka aniwashie jiko, na magoti yale. Nikaona namtesa."

Sikwenda kazini siku ile. Nilililaza pipa nikalisugua kutu kwa mchanga, nikatafuta kuni sokoni, nikawasha. Kesho yake kabla jua halijatoka mama alikuwa keshakaa kwenye kigoda chake, kata ya kuchotea maji mkononi.

Hakuja mtu. Wanawake walikwisha kuzoea kujichemshia, na jirani yule alikuwa anafunga mizigo, kwao kumepata uhuru. Alikuja kuaga mchana mmoja. Walishikana mikono na mama, wakalia bila kujificha. Nami nililia jikoni peke yangu, maana mimi ndiye niliyewaibia asubuhi zao za mwisho.

Alipoondoka, mama aliendelea kukaa na kata yake. Asubuhi ya tatu sikuweza kuvumilia. Nilichukua ndoo, nikatokea mlango wa mbele, nikazunguka nyumba, nikapiga hodi mlango wa uani.

"Karibu," mama akasema, akajisogeza.

Nikamwambia kwa Kimakonde changu kibovu kwamba nimekuja kuomba maji ya moto.

"Chota," akanijibu kwa Kimakonde. "Lakini ukae kwanza."

Nikakaa. Akanisahihisha maneno mawili matatu, akanicheka, nikachelewa kazini. Tukawa tunafanya hivyo kila siku. Sikujidanganya kwamba nilikuwa nafanana na rafiki yake, ila nilipiga hodi.

Mama alifariki mvua za mwaka ule zilipoanza. Wanawake wa mtaa waliingia kwa mlango wa uani, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona, na maji ya kumwoshea yakatoka pipani. Walipomaliza, pipa lilikuwa limebaki chini ya nusu. Nilichukua ndoo nikaenda bombani.