Kidole Gumba cha Mzee Fataki

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyompokonya mzee kamera mbele ya dada yake. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa na damu moto na kamera mpya, na vitu hivyo viwili vikikutana kwa mtu mmoja, adabu hutafuta mlango. Usicheke, zamu yako inakuja.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala kule Cheektowaga, na wikendi nikipiga picha za harusi za wakimbizi wenzetu wa Buffalo, huku ughaibuni. Jumamosi hiyo tulialikwa ubatizo Louisville. Nikapitia Columbus, mtaa wa Linden, kumchukua Mzee Fataki, jirani yetu wa zamani aliyekuwa na studio ya picha kwetu Uvira kabla ya vita. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, anaona watu kama vivuli tu.

Njia nzima alipakata kamera yake ya filamu, ile ambayo unazungusha lenzi kwa mkono mpaka uso ukae sawa. Kidole gumba chake kilizungusha ile pete ya lenzi mbele na nyuma. Nikamuuliza ya nini, wakati yangu inautafuta uso yenyewe. Akaniambia pete nzuri haiwi nyepesi wala ngumu, inakujibu mkononi kama ugali unaokaribia kuiva. Nilicheka hadi nikaikosa njia ya kutokea barabara kuu.

Dada yake, Mama Nyota, ambaye mjukuu wake ndiye alikuwa anabatizwa, hakuwa na picha yake mwenyewe hata moja ila ya karatasi za ukimbizi. Nyingine zote zilibaki Uvira, ng'ambo ya ziwa walilovuka wakikimbia. Alitaka moja ya kuwaachia wajukuu, na walipomwomba wampige picha kwa simu alikataa, anamngoja kaka yake.

Baada ya ibada akaketi sebuleni kwake na kitenge chake kipya. Mzee akainua kamera. Mimi nikaiona aibu kabla haijaja: filamu itaharibika, watu watamcheka. Nikaichukua mikononi mwake.

"Mzee, donc, acha mimi nipige. Wewe hauone."

Nikampiga dada yake picha tatu haraka kwa kamera yangu. Mama Nyota alikuwa anatazama sakafu.

"Binti," akasema polepole, "murudishie mashini yake. Nilimungojea yeye."

Mzee hakukasirika, na heri angekasirika. Aliniita karibu. "Bon. Weka kidole yako juu ya yangu. Macho ndiyo ilichoka, lakini kidole ingali inajua njia."

Alianzia magotini pa dada yake, akarudi hatua tatu. Akazungusha pete hadi ikakwama, kisha akairudisha taratibu chini ya kidole changu, akaiacha pale palipolingana na zile hatua tatu. Uvira umeme ulikuwa ukikatika kila mara, hivyo gizani alijifunza kupima umbali kwa mkono. Akamkumbusha dada yake jambo la utotoni, mama wa watu akacheka, Mzee akapiga.

Filamu ilichukua wiki mbili kusafishwa. Kila kunyanzi la uso lilionekana. Zangu pia zilitoka safi, sitakudanganya, ila ndani yake kuna mwanamke anayetazama sakafu. Nikampelekea Mzee kule Linden picha aliyoipiga. Akaisogeza machoni, akaiona rangi tu.

"Anacheka?" akaniuliza.

Nikamwambia anacheka mpaka pengo linaonekana. Hapo hapo nikaomba msamaha, nikalia.

Sasa nawasikia vijana mnabishana kama ile pete ya mkono ina maana yoyote, au ni wazee tu kupenda mambo ya kale. Mwanangu, mashine ikikurahisishia kazi, ichukue, si dhambi. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kazi iliyopita mkononi hubaki mkononi hata macho yakiaga. Kabla hujamwondolea mzee kitu, muulize kwanza mkono wake unajua nini. Na kama ataharibu, basi mwache aharibu kwa heshima yake. Filamu nyingine hupatikana dukani, lakini mzee uliyemvunjia uso mbele ya nduguze utampatia wapi uso mwingine?

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona mbali, na siku yatakapochoka, akujalie mtu anayekataa wengine wote akikungoja wewe.