Siku Nilipofunga Maji ya Mama

Asubuhi hiyo mimi na mama tulitoka nyumbani Kabiria pamoja, kwa sababu siku hiyo tulikuwa tunaenda mahali pamoja. Yeye alikuwa anaenda kusafishwa damu. Mimi nilikuwa naenda kukagua mtambo wa maji yanayotumiwa na mashine hizohizo za kusafisha damu. Kampuni iliyoniajiri hufunga mitambo ya kuchuja maji katika viwanda vya soda, kwa wauzaji wa maji ya chupa, na katika kliniki chache kama ile ya mama, iliyo karibu na Kenyatta Market.

Mama aliletwa kwangu kutoka magharibi mwa Kenya figo zake zilipokataa kufanya kazi. Alikuwa amezoea shamba, ng'ombe na majirani wa kuongea nao kutwa nzima. Sasa alikuwa anaishi kwenye ghorofa, akipimiwa hata maji ya kunywa. Kiu ilipomzidi nilimpa kipande cha barafu anyonye, naye alikipokea kwa mikono miwili kana kwamba nimempa zawadi.

Tulipofika, nilimwacha kwenye kiti chake dirishani nikaenda nyuma, kwenye chumba cha mtambo. Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Kuna mabomba manene, na ndani ya kila bomba kuna utando uliokunjwa kama mkeka. Pampu husukuma maji kwa nguvu. Maji hupenya kwenye utando, chumvi na madini hubaki upande wa pili na kumwagwa. Mgonjwa akiwa kwenye mashine, maji hayo hupita karibu kabisa na damu yake, na kinachovitenga ni utando mwingine, mwembamba zaidi. Kwa hiyo maji yanayofaa kunywa hayafai hapo. Yanatakiwa yawe safi kuliko hayo.

Nilitazama mita. Chumvi ilikuwa inapita. Wiki hiyo mifereji ya jiji ilikuwa imekauka, kliniki ikanunua maji ya kisima kwa lori, na utando mmoja uliokuwa umechoka ukashindwa nayo. Nilipima tena kwa kipimo changu cha mkononi. Jibu lilikuwa lile lile.

Nilimwita muuguzi mkuu pembeni. "Sista, usiunganishe mtu yeyote."

Alitazama saa, kisha akatazama wagonjwa. "Wengine wamekaa wikendi yote bila kusafishwa. Mama yako mwenyewe anapumua kwa shida. Hatuwezi kuanza na hao wawili watatu tu?"

"Hapana. Hata mmoja."

Nilisema hivyo nikiwa nimeshika mlango. Nilijua nani alikuwa wa kwanza kwenye zamu. Nikafunga maji.

Muuguzi aliwaeleza wagonjwa. Bwana mmoja mwenye koti la suti alikasirika, akasema maji anayaona ni safi, fundi anataka nini tena. Ni mama aliyemjibu, kwa sauti ya chini na pumzi za kukatika.

"Huyo ni kijana wangu. Kama amefunga, ameona kitu. Tungoje."

Kisha akanigeukia. "Baba, umekunywa chai?"

Miguu yake ilikuwa imefura hadi ameshindwa kuvaa viatu, lakini alichowaza ni tumbo langu. Nilitoka nje haraka nikampigia bosi.

Bosi wangu ni mzee wa Kihindi anayekaa Westlands, mtu wa maneno machache, ambaye familia yake imefanya biashara hapa tangu enzi za babu yake. Nilidhani angemtuma dereva. Badala yake alikuja mwenyewe, na kandambili za nyumbani miguuni, utando mpya umelazwa kwenye viti vya gari hadi unachungulia dirishani.

"Wewe fungua bomba," aliniambia. "Mimi nitakaa na wagonjwa."

Nikafungua. Niliuvuta ule mkeka wa zamani, mzito kwa maji na mweupe kwa magadi, nikapaka mafuta kwenye mipira ya kuziba ncha za huo mpya, nikausukuma ndani taratibu. Halafu nikaanza kuuosha, maji ya kwanza yote yakienda kwenye mtaro. Hapo hakuna njia ya mkato. Unasimama tu na kungoja. Nikiwa nimesimama hivyo nilisikia kicheko kutoka chumba cha wagonjwa. Kilikuwa cha mama. Sikuwa nimekisikia tangu ahamie Nairobi.

Nilichungulia. Bosi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando yake. Kumbe alizaliwa nyuma ya duka huko Kakamega, na alikuwa amemsalimia mama, "Mulembe," na sasa walikuwa wanaongea Kiluhya, yeye akikosea maneno na mama akimrekebisha kama mtoto. Hata yule bwana wa koti alikuwa anatabasamu. Miaka yote niliyomfanyia kazi mzee huyo, sikujua anaijua lugha yetu.

Mita iliposhuka nilipima mara kadhaa, nikamwonyesha muuguzi, ndipo nikafungua maji. Mama aliunganishwa wa kwanza. Nilikaa karibu naye nikitazama damu yake ikizunguka. Polepole kifua chake kikatulia, akalala mdomo wazi, mkono wake juu ya wangu. Bosi aliondoka bila kuaga ili asimwamshe.

Jioni, miguu ikiwa imepungua, mama alisema ananusa nyama. Tulitembea pole pole hadi sokoni, nikaomba kipande kidogo kichomwe bila chumvi. Kachumbari nilikataa kwa niaba yake. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Haina ladha," alisema.

"Najua, mama."

"Lakini ni laini." Akanisogezea sahani. "Kula. Na yule mzee, umlete nyumbani siku moja. Maneno yake mengi bado hayajanyooka."